SOMO: Maswali ya Kumuuliza Patroni Mbele ya Kukubali Kazi ya Kulinda Kompyuta



Sisi wa mwaka wa mwisho tunakimbizana sasa na Mtihani wa Serikali. Jioni, vitabu vikishafungwa, mazungumzo yetu ni yaleyale: "Kisha diploma, utafanya nini?" Mmoja anasema atakwenda Kindu, mwingine Lubumbashi, mwingine Kinshasa kwa mjomba wake. Na wengi siku hizi wanasema: "Mimi nitafanya informatike. Nitalinda kompyuta za benki." Ni kazi nzuri. Mwalimu wetu wa informatike ndiye aliniomba niandike somo hili, sababu aliona kwamba tunajifunza sana namna ya kujibu maswali ya patroni, lakini hakuna anayetufundisha namna ya kumuuliza.

Nitaanza na jambo la nyumbani kwetu. Yaya wangu mkubwa alipata diploma mwaka 2021. Alipata kazi katika biro moja ya mji mkubwa, jina silisemi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta na orodha ya watu wanaolipwa kwa simu. Siku ya kuhojiwa alijibu kila kitu vizuri. Mwishoni mkubwa wa kazi alimwambia: "Na weye, uko na swali?" Yaya akasema: "Hapana, Bwana. Asante sana." Aliogopa kuonekana mjuaji, na tena alikuwa na njaa ya kazi.

Ile siku ya kwanza alionyeshwa kikaratasi kimebandikwa ukutani. Juu yake kulikuwa neno la siri, moja tu, la watu watano. Kisha miezi mitatu feza zilitoka, zaidi ya dolari elfu moja. Kompyuta ilionyesha jina moja tu, lile la wote. Nani alifanya? Yule mgeni, bila shaka! Yaya alilala kasho usiku nne. Baba aliuza shamba la michikichi na mbuzi wawili ili atoke. Mpaka leo hatujui nani alizitoa zile feza. Yaya amerudi nyumbani, na watu wengine sokoni bado wanamtazama kwa jicho lingine.

Kama angeuliza swali moja tu, "Je, nitakuwa na neno langu mwenyewe?", labda shamba lingekuwa letu hata leo. Ndiyo sababu ninaandika.

I. KAZI YENYEWE NI NINI?

Kulinda kompyuta ni kama kazi ya zamu wa usiku, lakini mwizi wake haruki ukuta. Anaingia kwa simu, kwa barua ya uongo, kwa neno la siri lililoibwa, ao kwa mtu wa ndani. Mlinzi anatunza mambo matatu: siri isitoke, hesabu isibadilishwe, na kazi isisimame.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwezi wa pili mwaka 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh. Walituma maagizo ya kutoa karibu dolari milioni 1000 zilizowekwa New York. Milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi zikapotea. Milioni 20 nyingine zilisimamishwa kwa sababu wezi walikosea herufi za neno moja katika agizo lao, na mtu akashangaa. Katika ile benki mashine ya kuchapa habari za malipo ilikuwa imeacha kufanya kazi, na watu wa biro waliwaza ni ugonjwa wa kawaida wa mashine.

Karibu na sisi, mwezi wa kumi mwaka 2019, wapelelezi wa serikali ya Rwanda walikamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Muganda 1, waliokuwa wanajaribu kuingia katika mtambo wa Benki ya Equity kule. Mwezi wa saba mwaka 2023, mtandao wa eCitizen ambamo Wakenya wanalipia kazi za serikali ulishambuliwa, na watu wakakwama.

Na hapa Kasongo? Tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoanza katika inchi yetu, feza zinatembea kwa simu. Mama anayekaa chini ya mwavuli na simu mbili sokoni, anatuma na kutoa feza, yeye tayari ni mlinzi. Tena watoto wa shule wengi wanafanya kazi hiyo wakati wa likizo. Kwa hiyo msiseme somo hili ni la wale watakaokwenda Kinshasa tu.

II. MASWALI MANANE

Swali la kwanza: Nitalinda kitu gani hasa?
Feza? Majina ya wagonjwa? Orodha ya watu wanaopewa musaada? Ukilinda feza, mwizi anatafuta feza. Ukilinda majina ya wakimbizi ao ya wagonjwa, mtu mubaya anaweza kutafuta watu wenyewe. Patroni asiyejua kitu kipi ni cha tamani zaidi katika biro yake hataweza kukusaidia kukilinda.

Swali la pili: Nani alikuwa na kazi hii mbele yangu, na funguo zake ziko wapi?
Usiulize kwa ajili ya umbeya. Kama mtu aliondoka na bado anakumbuka maneno ya siri yote, nyumba iko wazi. Jibu zuri ni hili: "Aliondoka mwezi fulani, na siku ileile tulibadilisha yote." Kama wakisema watatu wameondoka kwa mwaka mmoja, uliza kwa upole ni kwa sababu gani.

Swali la tatu: Je, kila mtu ana jina lake na neno lake la siri?
Hili ndilo swali la yaya wangu. Kompyuta inaandika nani aliingia, saa ngapi, akafanya nini. Hayo maandishi ni shahidi wako. Lakini watu watano wakitumia jina moja, shahidi anakuwa bubu. Atakayelipa ni yule asiye na mtu wa kumtetea.

Swali la ine: Feza kubwa zinatoka kwa mkono wa mtu mmoja ao wawili?
Inafaa mmoja aandike na mwingine akubali. Hata mtu mwaminifu anahitaji sheria hii, kwa maana siku neno lake likiibwa, mwizi atakuta mlango wa pili umefungwa. Tena uliza nani anahesabu jioni, na nani anaangalia ile hesabu.

Swali la tano: Nakala ya akiba iko wapi, na ni lini mliijaribu?
Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 2017 virusi iliyoitwa WannaCry iliingia katika kompyuta za inchi zaidi ya 150. Ilifunga vitabu vyote na kuomba malipo. Hata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya kuzuia virusi ile ilikuwa imetolewa miezi miwili mbele, lakini wengi hawakuiweka. Wenye nakala nzuri pembeni waliweza kuanza tena.
Kwetu si virusi tu. Kuriyanti inakatika, batri ya pano za jua inakufa, mvua inaingia kwa paa, na vita vinakuja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23, na mabenki yake yakafunga milango. Biro iliyoacha vitabu vyote ndani ya kompyuta moja itafanya nini siku watu wanakimbia? Nakala iwe mahali pengine, tena ijaribiwe. Nakala ambayo hakuna aliyeifungua hata siku moja ni kama mbegu ambayo hujui kama iliota wadudu.

Swali la sita: Tatizo likitokea usiku, ninamwita nani, na nani anaamua?
Uliza kama kuna maandishi juu ya jambo hili. Uliza vilevile: "Mtu akitoa habari ya kosa lake mwenyewe, anafanywa nini?" Mahali ambapo mwenye kusema anafukuzwa, wote wataficha. Moto unaofichwa unaunguza nyumba nzima.

Swali la saba: Nitapewa vyombo na masomo gani?
Mlinzi bila mega hawezi kushusha dawa mpya za kompyuta. Usiingie kazi ambayo utatumia simu yako mwenyewe na feza zako kulinda mali ya mwingine. Na sababu wezi wanajifunza kila siku, uliza kama utapewa nafasi ya kujifunza pia, kama vile kwa INPP ao kwa mtu mwenye uzoefu kazini.

Swali la nane: Kontra yangu inasema nini?
Sheria ya kazi ya inchi yetu ya mwaka 2002, iliyogeuzwa sehemu mwaka 2016, inataka kontra iandikwe. Majaribio nayo yaandikwe. Hayapite mwezi mmoja kwa mtu wa kazi isiyo na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Saa za kazi ni 45 kwa juma. Uliza kama utaandikwa kwa CNSS. Na kwa kazi hii ya ulinzi ongeza jambo moja: maandishi yanayosema umepewa ruhusa ya kugusa nini, na mpaka wapi. Sheria yetu ya mambo ya kompyuta, Kode ya Numerike ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, inaazibu mwenye kuingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa. Mkubwa akikuambia kwa mdomo tu, "Jaribu kuvunja mtambo wa ile biro jirani tuone," kataa. Kesho atasema hakukutuma.

III. NAMNA YA KUULIZA

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwetu mtoto hauliziulizi mkubwa. Nyumbani, baba akiongea, unanyamaza. Lakini kuuliza si ujinga, tena si kukosa heshima kama ulimi ni mzuri. Tazameni namna mbili.

Namna mubaya: "Mshahara ni ngapi? Kompyuta zenu ni za zamani? Mmeibiwa mara ngapi?" Hapa patroni atakufunga mlango, na atakuwa na haki.

Namna nzuri: "Bwana Direkta, asante kwa kunipokea. Ninaomba ruhusa ya kuuliza mambo machache, ili nikipewa kazi niifanye vizuri." Kisha ngoja akubali. Uliza matatu ao mane tu, yale yenye maana zaidi mahali pale. Andika maswali yako katika kikaratasi, na usikatize maneno yake.

Jambo lingine. Usiombe siri. Huyu patroni hajui kama wewe ni mwizi uliyekuja kuchunguza ukuta. Akikujibu, "Hilo tutakuonyesha ukishaingia kazini," usikasirike. Hilo ni jibu zuri la mtu anayejilinda. Lakini akikupeleka palepale mbele ya kompyuta na kukutajia maneno ya siri yote, wewe ambaye hajakujua saa moja, basi umekwisha kupata jibu la maswali mengi.

Sikilizeni majibu kwa masikio mawili. Kuna anayejibu wazi. Kuna anayesema, "Hilo bado hatuna, tunatafuta mtu wa kutusaidia". Huyu ni mkweli, unaweza kujenga naye. Na kuna anayecheka na kusema, "Weye mtoto, hapa tunaaminiana tu." Huyo wa tatu muogope. Kuaminiana ni kuzuri, lakini siku feza zinapotea, kuaminiana ndiko kunatoka kwanza.

IV. KAMA MAJIBU NI MABAYA NA UNA NJAA?

Mmoja wa darasa letu alinipinga: "Kapita, unasema vizuri, lakini kazi ni chache. Nikikataa, nitakula maswali?" Ana haki. Sitasema mukatae kila kazi ambayo haina ukuta mzuri. Kama kuta zote zingekuwa nzuri, wasingehitaji walinzi.

Lakini kuna mambo matatu ambayo hata mwenye njaa asiache. La kwanza, uwe na jina lako mwenyewe ndani ya kompyuta. La pili, siku unapoanza, kuwe karatasi ya makabidhiano: kompyuta ngapi, feza ngapi, funguo zipi, tarehe, na sahihi za wote wawili. La tatu, kontra. Wakikukatalia haya yote matatu, ujue hawatafuti mlinzi. Wanatafuta mtu wa kubeba makosa. Afazali kurudi kulima.

Kuna pia kazi ambayo swali la kwanza linatosha kuikimbia. Mtu anakuandikia kwa simu: "Kazi ya kompyuta Tailandi, mshahara mkubwa, tiketi ya ndege bure." Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia walikwenda hivyo. Walijikuta ng'ambo ya mpaka, Myanmari, ndani ya nyumba zilizozungukwa na walinzi wenye bunduki, wakilazimishwa kudanganya watu kwa mtandao. Mwezi wa pili mwaka 2025 maelfu ya watu wa inchi nyingi walitolewa katika nyumba hizo. Kwa hiyo uliza: kampuni inaitwa nani, iko mji gani, nani atashika paspoti yangu, na ninaweza kuzungumza na mtu anayefanya kazi hapo sasa? Asiyetaka kujibu hayo, mwache. Na yule anayeomba umlipe kwanza ili akupe kazi, mwache vilevile.

V. MFANO WA KARIBU

Likizo iliyopita dada mmoja wa shule yetu aliitwa kusimamia kabine ya kutuma feza. Alikuwa amesikia habari ya yaya wangu. Mbele ya kukaa kitini alisema: "Papa, samahani, nina maneno machache. Hii simkadi iko kwa jina la nani? Kode yake inajulikana na nani wengine? Jioni tunahesabu pamoja, tunaandika?" Mwenye kabine alishangaa, akanyamaza kidogo. Kumbe kode ilijulikana na watoto wake wawili na yule kijana aliyeondoka. Waliibadilisha palepale, na wakanunua kaye moja ya hesabu. Kila jioni wote wawili walitia sahihi.

Mara moja hesabu ilipunguka. Walifungua kaye, wakaona ni mteja aliyelipwa mara mbili wakati rezo ilikuwa inakatika. Waliita yule mteja, akarudisha. Hakuna aliyelala kasho. Na likizo ilipokwisha, mwenye kabine alimwambia dada yetu arudi mwaka kesho.

Mnaona? Maswali matatu tu na kaye moja.

VI. MASWALI YA KUJARIBU DARASANI

1. Kwa nini neno moja la siri kwa watu watano ni hatari hata kama wote ni waaminifu?
2. Patroni anakataa kukutajia aina ya ulinzi wa biro yake siku ya mahojiano. Je, ni alama mubaya ao nzuri? Eleza.
3. Ukiitwa kulinda orodha ya wagonjwa katika hospitali, ni maswali gani matatu utaanza nayo?
4. Andika karatasi ya makabidhiano ya kabine yenye simu mbili na feza za kuanzia.
5. Wawili wakae mbele, mmoja patroni, mwingine mwenye kuomba kazi. Darasa lisikilize kama heshima ilikuwapo na kama maswali yalikuwa wazi.

Ndugu zangu, mwaka huu wengi wetu tutatoka hapa, wengine kwa njia ya Kabambare, wengine kwa njia ya Kindu. Wazazi wameuza vitu vingi ili tufike mwisho wa masomo. Siku patroni atakapokuuliza, "Uko na swali?", usijibu haraka "Hapana, Bwana." Yaya wangu alisoma maandishi haya mbele yenu. Aliyarudisha kwangu na kusema neno moja tu: "Wape."

Basi, nimewapa.

Ni mimi mwenzenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho